Kompyuta Yenye Nundu

Mzee Simioni aliacha kupiga iritungu katikati ya wimbo. Akaweka kiganja juu ya nyuzi nane za chombo hicho cha Kikurya kuzinyamazisha, kisha akageuza kichwa kutazama pembe ya chumba.

"Humu ndani kuna kitu kinanguruma," alisema.

Beatrice alivua hedifoni. Alikuwa upande wa pili wa chumba, mbele ya kompyuta anayorekodia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga pale Nyarero, Tarime, kuta zake zimefunikwa kwa mablanketi mazito na vipande vya magodoro ili sauti isirukeruke.

"Ni feni ya kompyuta, mzee. Inaipoza mashine isiungue."

"Basi isubiri nimalize."

Haikuweza kusubiri, na Beatrice alilijua hilo. Kwaya zikiimba, sauti ya feni ilimezwa na waimbaji na hakuna aliyelalamika. Iritungu ni chombo cha upole. Kila uzi ukiguswa, nyuma yake ilisikika ile *vuuu* ya feni, kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili.

Mzee alikuwa ametoka Itiryo asubuhi hiyo, iritungu lake amelifunga kwenye shuka. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Wajukuu zake walizaliwa Mwanza na huko ndiko wanakoishi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akamsikiliza akipiga. Alitaka nyimbo zake zifike kule kabla vidole havijakataa kabisa.

Beatrice hakutaka arudi mikono mitupu. Aliisogeza kompyuta nyuma ya mlango, akaitupia blanketi juu, akamwomba mzee aanze upya. Kelele ilipungua. Mzee alipiga vizuri, macho ameyafumba, akaingia kwenye wimbo mrefu wa kumsifu ng'ombe wa baba yake. Alipokuwa anaukaribia mwisho, skrini iliganda. Beatrice alibonyeza huku na huku, hakuna kilichojibu. Kompyuta ilikuwa imepata joto ikajizima, na wimbo ukaenda nayo.

"Mzee, imepotea," alimwambia bila kuzunguka. "Nimeifunika ikashindwa kupumua. Naomba unisamehe."

Mzee Simioni alianza kufunga chombo chake taratibu. Hakuonekana kukasirika, ila alionekana amechoka.

"Wimbo ule siupigi mara mbili kwa siku moja," alisema. "Nitarudi tukishavuna mahindi. Kama utakuwa umeinyamazisha hiyo kitu, nitapiga zote. Kama hujaweza, nitumie ujumbe mapema nisije bure."

"Utakuta imenyamaza."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

Hakuwa anajisifu. Beatrice alikuwa mtu wa kuahidi jambo akiwa tayari ameanza kulifanya kichwani.

Alizaliwa Susuni, kwa baba yake Mzee Kisyeri, aliyekuwa na mashine ya kusaga ya dizeli. Kaka zake walikuwa na ng'ombe wa kuchunga, kwa hiyo spana zilishikwa na Beatrice. Baba yake hakumfundisha kwa maneno mengi. Alimfundisha kusikiliza. Kabla hujafungua kitu, alikuwa akimwambia, simama kando yake mpaka ujue kinalalamika wapi. Siku moja baba alilala na malaria na injini ikaanza kuvuja. Beatrice, akiwa bado kidato cha pili, aliifungua, akabadilisha gasketi, akairudisha. Baba alipopata nafuu aliwaambia wateja wazi kwamba mashine imetengenezwa na huyu binti. Wanaume wawili watatu walibeba mahindi yao wakaenda kusaga kwingine. Wiki iliyofuata walirudi, maana kwingine kulikuwa mbali na unga ulikuwa uleule.

Baadaye alikwenda Tarime mjini kusomea ukatibu muhtasi. Kuchapa barua hakukumshika. Kilichomshika ni lile kasha la kompyuta lililokaa chini ya meza, ambalo hakuna mwalimu aliyeruhusu liguswe. Alipoolewa na Steven, mwalimu wa shule ya msingi, walianza maisha na kitanda, meza na kompyuta iliyotumika ambayo Beatrice aliifungua siku ya pili tu baada ya kuinunua. Alikuwa ameimba kwaya tangu utoto, hivyo kurekodi kwaya kulikuja kwenyewe. Watu walizoea kumwona mwanamke akisimamisha waimbaji ishirini kwa mkono na kuwaambia besi wamepotea.

Jioni ile mzee alipoondoka, Beatrice alikaa kando ya kompyuta na kuisikiliza kama alivyofundishwa. Aliwasha wimbo mmoja wenye sauti chache: feni ilivuma kidogo. Akafungua kazi ya kwaya ya Susuni, yenye sauti nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine: feni ikapiga kelele, na sauti zenyewe zikaanza kukatika-katika. Hapo alielewa kwamba hayakuwa matatizo mawili. Prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya kazi yote ya kufikiri ndani ya kompyuta, ilikuwa imezidiwa. Ilifanya kazi mwisho wa nguvu zake muda wote, ikatoa joto, na kifeni chake kidogo kikalazimika kukimbia mpaka kulia.

"Ni injini ndogo iliyofungwa kwenye kinu kikubwa," alimweleza Steven wakati wa chakula.

"Si ununue kompyuta nyingine tu?"

"Hii ina shida sehemu moja. Bodi nzima, memori, kila kitu kizima. Unauza ng'ombe kwa sababu kamba imekatika?"

Steven alicheka akaendelea na ugali wake.

Bodi ni ile sahani pana iliyolala ndani ya kasha, ambayo kila kipande kingine kimechomekwa juu yake. Beatrice alisoma namba iliyochapwa pembeni mwake, akaitafuta kwenye simu, akakuta watengenezaji wameorodhesha prosesa zote zinazokubaliana nayo. Nyingine zilikuwa zimetengenezwa miaka kadhaa baada ya bodi yenyewe. Moja ilikuwa na nguvu mara kadhaa kuliko yake na bado haikuwa ya kutoa joto jingi. Ila mbele yake paliandikwa kwamba bodi lazima iwekewe kwanza programu mpya ya kuamkia, ile inayoiamsha kompyuta inapowashwa.

Kwa hilo alikwenda kumwona Wilbard. Wilbard alikuwa afisa TEHAMA wa serikali, mtu wa Rombo aliyehamishiwa Tarime, akaipenda, na akaingia kwaya ya mjini kama besi. Beatrice alikuwa amemrekodi mara mbili.

"Inawezekana kabisa, dada Beatrice," Wilbard alisema baada ya kuisoma ile namba. "Ila usikosee mpangilio. Bodi yako haijui kama prosesa hii ipo duniani. Ifundishe kwanza, ile ya zamani ikiwa bado imekaa mahali pake. Ukitanguliza kubadilisha, utapata skrini nyeusi."

"Na umeme ukikatika inapokuwa inajifunza?"

Wilbard alikuna kidevu. "Hapo itakuwa imekufa. Labda kwa bahati sana uifufue. Hicho ndicho kitu pekee kinachonitia wasiwasi."

"Nitaitoa kwenye umeme wa nguzo. Nyumbani nina betri ya sola na inveta ya kuigeuza iwe umeme wa kawaida, nitazileta studio. Tutafanya asubuhi, kabla mvua haijajikusanya."

"Umeshafikiria yote."

"Sijafikiria yote. Ndiyo maana nataka uwepo."

Wilbard alikubali kuja Jumamosi.

Prosesa na kipoza chake zilipatikana kwa muuza vifaa vilivyotumika wa Nairobi. Beatrice aliongea naye kwa simu.

"Madam, hiyo prosesa iko poa," jamaa alisema. "Tumeitesti, ilikuwa kwa mashine ya ofisi. Na hiyo kipoza ni kubwa, feni yake inazunguka polepole. Hutaisikia."

"Kubwa kiasi gani? Kasha langu si pana."

"Ni kubwa tu, lakini itaingia, usijali."

Mzigo ulishushwa upande wa Kenya, ukavushwa mpaka Sirari, na Beatrice akaenda kuuchukua mwenyewe. Aliufungua palepale, juu ya kiti cha pikipiki iliyomleta, dereva akishangaa. Kipoza kilikuwa mnara wa mabati membamba ya alumini, umepenywa na mabomba ya shaba, na feni pana ubavuni. Prosesa ilikuwa ndogo kama biskuti, chini yake imejaa miguu myembamba ya rangi ya dhahabu. Aliielekeza kamera ya simu kwenye miguu ile, akaikuza picha, akapitia mstari kwa mstari. Mguu mmoja wa pembeni ulikuwa umelala kidogo.

Hakumpigia muuzaji kugomba. Alirudi nyumbani, akachukua kalamu ya risasi ya Steven, ile ya kubonyeza, akaitoa risasi yake, akauingiza ule mguu kwenye tundu la ncha yake na kuuinua taratibu mpaka ukalingana na wenzake. Steven alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu hata kukohoa.

"Sasa unaweza kupumua," Beatrice alimwambia.

Jumamosi ilikucha bila wingu. Wilbard alifika na programu mpya kwenye flashi, wakachomoa kompyuta ukutani na kuiunganisha kwenye inveta. Beatrice aliipima betri, akaridhika. Kisha akachomeka flashi na kuiamuru bodi ijifunze.

Mstari mweupe ulianza kutambaa kwenye skrini. Kwa karibu robo yake walikuwa wanaongea habari za kwaya. Ulipofika katikati, redio ya saluni ya jirani ikanyamaza ghafla, na mashine ya kuranda mbao ng'ambo ya barabara ikashuka sauti mpaka ikafa. Ilikuwa asubuhi nyeupe, mvua haipo, na umeme umekatika.

Wilbard alimtazama Beatrice. Beatrice alikuwa anautazama mstari, na mstari ulikuwa unaendelea kutambaa.

"Umekatika," Wilbard alisema kwa sauti ya chini.

"Nimesikia."

Mstari ulifika mwisho, kompyuta ikajizima na kujiwasha, na bodi ikaonyesha programu mpya. Wilbard aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kucheka peke yake.

"Mimi moyo ulikuwa hapa," alisema, akishika koo.

"Hata mimi," Beatrice alikiri. "Ila betri niliipima."

Kuitoa prosesa ya zamani kulihitaji subira ya namna nyingine. Kati yake na kifeni chake palikuwa na dawa ya kupitishia joto, ambayo kwa miaka ile ilikuwa imekauka kama gundi. Wilbard alishauri waipashe kwanza, maana akiking'oa kifeni dawa ikiwa baridi, kinaweza kutoka na prosesa imening'inia na miguu imepinda. Beatrice alifungua ile kazi nzito ya kwaya ya Susuni na kuiacha ilie mpaka kasha likawa na joto. Kisha akazima, akachomoa, akakizungusha kifeni kushoto na kulia bila kukivuta. Aliendelea hivyo, kidogo kidogo, hadi aliposikia kimelegea mkononi, ndipo akakiinua. Prosesa ilibaki mahali pake.

Ile mpya haikuhitaji nguvu. Alilinganisha alama ya pembe na pembe, akaiachia, ikashuka kwa uzito wake yenyewe na kuketi. Akaweka dawa mpya, kama punje moja ya mchele. Akasimamisha ule mnara juu yake na kuanza kukaza skrubu, hii kidogo, kisha ya upande wa pili kidogo, akirudi na kwenda.

"Nani alikufundisha kukaza hivyo?" Wilbard aliuliza.

"Tata, baba yangu. Kifuniko cha injini ukikikaza upande mmoja kinapinda, halafu inavuja."

Alipowasha, feni zilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Walisubiri. Wilbard aligusa nyaya za nje, zote zilikuwa zimekaa. Uso wake ulianza kubadilika. "Dada, huenda ile programu..."

"Programu tumeiona imeingia." Beatrice alizima, akachomoa, akautazama mkono wake wa kulia. Hakuwaza bodi nzima. Alijiuliza ni wapi mkono ule ulipita mara ya mwisho. Wakati wa kukaza skrubu ya ndani kabisa, kiwiko chake kilikuwa kimeegemea upande wa memori, vile vibao vyembamba vilivyosimama kando ya mnara. Alivipapasa kwa ncha ya kidole. Kimoja kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja, kiasi ambacho jicho lisingeona. Alikisukuma kikalia *tak*.

Aliwasha tena. Skrini ikang'aa, na jina la prosesa mpya likaandikwa juu yake. Wilbard alilisoma kwa sauti kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani ya mtoto wake.

Steven alichungulia mlangoni. "Bado hamjaiwasha?"

"Imewaka," Beatrice alisema.

Steven alitega sikio, akaingia ndani, akainama mpaka karibu na kasha. "Kweli?"

"Tazama skrini."

Furaha ile ilidumu mpaka walipotaka kufunga kasha. Kile kipoza ambacho jamaa wa Nairobi alisema kitaingia kilikuwa kimeingia kweli, ila kilipita ukingo wa kasha kwa upana wa kidole gumba. Kifuniko cha ubavuni hakikukaa. Kuiacha wazi haikuwezekana, kwani vumbi la barabara ya Nyarero lingeijaza ndani ya mwezi, na mijusi ingepata nyumba yenye joto.

Wilbard alishauri warudishe kipoza, watafute kifupi.

"Kifupi kitapiga kelele," Beatrice alisema. Alichukua kifuniko, akachora duara kwa chaki, akakipeleka kwa Tomaso, fundi anayechomelea mageti na madirisha.

Tomaso alikigeuza mara mbili. "Nitoboe kitu kizima?"

"Toboa. Halafu juu ya tundu unifungie kibati kilichobinuka, chenye matundu madogo ya hewa. Usichomelee, funga kwa ribiti."

"Kitakuwa na nundu."

"Ndiyo ninayoitaka."

Tomaso alifanya kazi nzuri kuliko alivyoombwa. Alikipiga kibati kikawa mviringo safi, akakunja kingo zisikate mtu, na akakipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye geti la mtu. Kompyuta iliporudi mezani ilikuwa imebadilika sura kabisa.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Mzee Simioni alirudi bila kungoja ujumbe. Beatrice alimwamkia shikamoo, akampokea chombo chake, akamkalisha. Mzee aliitazama kompyuta kwa muda.

"Hii mmeinenepesha," alisema. "Sasa ni fahali."

Alinyoosha mkono akaigusa ile nundu, kama mtu anayekagua mnyama mnadani. Ilikuwa na uvuguvugu mdogo tu. Akarudi kwenye kiti, akafungua shuka, akaanza kukaza nyuzi.

Wimbo wa kwanza aliupiga hadi mwisho. Beatrice hakumfanyia ishara yoyote. Alimaliza kurekodi, akazima maikrofoni, akamsikilizisha kwenye spika. Iritungu lilitoka peke yake, kavu na karibu, hata mguso wa ukucha kwenye uzi ulisikika. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha alinyoosha kidole kwenye nyuzi.

"Uzi wa tatu umelegea," alisema.

"Mimi sikuusikia."

"Mimi nimeusikia. Huwa nausikia nikiwa napiga nasema ni masikio yangu ya uzee. Kumbe ni uzi." Aliukaza, akaujaribu, akaukaza tena. "Futa huo. Tuanze."

Walianza. Alipiga mpaka alasiri, akipumzika kunywa uji na kunyoosha vidole. Ule wimbo wa ng'ombe wa baba yake aliuacha mpaka mwisho, akaupiga mara moja, akafunga chombo. Hakuomba kuusikiliza.

Beatrice aliwatumia wajukuu nyimbo zote kwa simu. Baada ya siku chache mjukuu mmoja wa kike alimpigia babu yake kutoka Mwanza kuuliza neno fulani la Kikurya ndani ya wimbo lina maana gani. Neno moja lilizaa maneno mengine, na mzee alikaa na simu sikioni hadi chaji ikaisha. Kesho yake alikwenda kuazima chaja, akapiga mwenyewe.

Jumapili moja baadaye ilikuja kwaya ya Susuni kumalizia kazi yao. Walijaza chumba, wengine wakasimama mlangoni, kila mmoja akiitazama nundu na kuuliza. Beatrice alieleza mara moja tu. Kisha akafungua kazi yao na kuwasikilizisha sauti zote zilizokwisha kurekodiwa, zikiwa pamoja kwa mara ya kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukatika hata mahali pamoja. Mwalimu wa kwaya alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Kumbe tuko hivi?"

"Mko hivi," Beatrice alisema, akivaa hedifoni. "Ila sauti ya pili mnachelewa kuingia kwenye kiitikio. Zamani mashine ilikuwa inawasitiri. Simameni karibu na maikrofoni, tunarudia."